Pesa za Mwalimu tuziweke wapi? Njia nne za kuanzisha mfuko wa hisani wa familia

Mama yetu alifundisha shule za msingi za Kwale, pwani ya Kenya, kwa miaka 31. Alipofariki tulikuta sandukuni mwake daftari la jalada la buluu, kila ukurasa una jina la msichana, darasa lake, na hesabu pembeni: sare, ada ya mtihani, mafuta ya taa. Hakuna mahali alipoandika "deni". Mwisho wa baadhi ya kurasa kaandika neno moja tu: "kamaliza".

Sisi watoto wake tuko watano. Wawili tuko Ukunda, mmoja Nairobi, kaka yuko Maskati na dada yuko Minneapolis. Baada ya arubaini tulikaa mkekani tukakubaliana kwamba daftari lile lisifungwe. Tulikuwa na ahadi za fedha zinazokaribia shilingi milioni tatu, na nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha aliyoiacha marehemu. Kilichotuchukua muda ni kujua vitu hivyo viwekwe chini ya nani, na kwa utaratibu gani. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaokota katika kuulizia kwa karibu mwaka mzima, kwa ajili ya familia nyingine iliyokaa mkekani sasa hivi na swali lilelile.

Nitasema mapema msimamo wangu. Watu huanza kwa kuuliza pesa zitakuwa salama wapi. Ulizeni kwanza ni nani atakayefanya kazi ya mfuko huu mwaka wa kumi, nyinyi mkiwa mmechoka au hamko. Kila njia kati ya hizi nne ina jibu lake kwa swali hilo, na tofauti kubwa kati yao iko hapo.

Kikundi cha michango

Hapa ndipo wengi wetu huanzia, na si vibaya. Kikundi cha WhatsApp, mweka hazina mmoja mwaminifu, akaunti ya benki ya majina mawili. Hakuna wakili, hakuna ada, na msaada unafika siku hiyohiyo. Msichana akirudishwa nyumbani Jumatatu kwa karo, Jumanne yuko darasani.

Ila pesa zile kisheria ni za watu wenye akaunti. Sisi tulilipata hilo kwa uchungu. Akaunti yetu ya kwanza ilihitaji sahihi mbili, ya kaka mkubwa na ya binamu yetu. Binamu aliugua ghafla akafariki. Benki ikasema haiwezi kutoa hata shilingi mpaka zipatikane hati za mirathi zake, na ndugu zake walikuwa bado hawajakubaliana nani asimamie mirathi hiyo. Kuanzia Machi hadi Novemba pesa zilikaa. Wasichana wawili wa kidato cha tatu tuliokuwa tukiwalipia walirudishwa, na mmoja alikaa nyumbani muhula mzima akimsaidia mamake kuuza samaki. Sikulaumu benki, ilifuata kanuni. Tuliokosea ni sisi, tuliofungua akaunti ya watu wawili tukaiita mfuko.

Mkibaki na kikundi, basi angalau mkiandikishe. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi, katiba na viongozi. Wekeni watia sahihi watatu, wawili wowote wakitosha. Hilo lingetuokoa.

Kwa mchango wa kila mwezi unaotumika ukaisha, kikundi kinatosha. Kwa mtaji unaotakiwa kukaa miaka, hakitoshi.

Amana yenu wenyewe

Njia ya pili ni kuunda chombo chenu: mnaandika hati ya udhamini, mnateua wadhamini, mnasajili. Kenya jambo hili liko chini ya Sheria ya Wadhamini (Urithi wa Kudumu), Sura ya 164, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021 na sasa inataja waziwazi amana za familia na amana za hisani. Tanzania Bara mnaandikisha bodi ya wadhamini chini ya Sura ya 318, na mlango wa kubisha ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mkishasajiliwa, chombo kinamiliki mali kwa jina lake. Mdhamini akifa anateuliwa mwingine, na akaunti haigandi kama ilivyoganda yetu.

Mfano mzuri uko Nairobi. Mohamedally na Maniben Rattansi walianzisha amana yao ya elimu mwaka 1956, wakaipa jengo katikati ya mji. Kodi ya jengo hilo ndiyo inayosaidia wanafunzi mpaka leo, wengi wao wa familia zisizokuwa na uhusiano wowote na waanzilishi. Ukiiona amana kama hiyo unatamani iwe yako.

Lakini angalia kilichoibeba: jengo kubwa, na watu wa kulisimamia. Amana ndogo hubeba mzigo uleule bila jengo. Kila mwaka kuna hesabu za kukaguliwa. Kuna PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na fomu za kujaza hata kama hamdaiwi kodi. Msamaha wa kodi hauji wenyewe kwa sababu mmejiita wa hisani. Mnauomba, mnathibitisha kwamba kazi yenu ni ya manufaa ya umma, na ukitolewa una muda wake, kwa kawaida miaka mitano, kisha mnaomba tena. Pia mjue wadhamini hubeba dhamana ya kisheria. Mdhamini aliyetia sahihi kwa heshima ya marehemu tu, asiyehudhuria vikao, siku ya matatizo ataulizwa kama wengine.

Tulifanya hesabu. Tuseme mtaji ni milioni tatu na unaleta asilimia 10 kwa mwaka, yaani 300,000. Ukitaka mtaji usiliwe na mfumuko wa bei, weka kando asilimia 5, ambayo ni 150,000. Zimebaki 150,000. Karo ya bweni ya sekondari za umma Kenya imewekewa kikomo cha 53,554 kwa kundi la juu na 40,535 kwa kundi la pili. Kwa hiyo 150,000 ni wanafunzi wawili wa kundi la juu na mmoja wa kundi la pili, zikabaki shilingi 2,357. Sasa mlipe mkaguzi wa hesabu. Mlipe wakili anayejibu barua. Mwanafunzi mmoja ameshatoka kwenye orodha, na wa pili yuko mlangoni.

Ndiyo maana mimi nasema amana yenu wenyewe ni ya familia yenye mali kubwa na mtu mmoja angalau ambaye kazi hii kwake ni kazi, si hisani ya Jumamosi.

Wakfu wa jamii

Wakfu wa jamii ni taasisi inayotunza mifuko ya watu wengi kwa pamoja. Taasisi za namna hii zilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki ya amana, alikuwa na wasia wa watu wengi mezani pake, na aliona jinsi maelekezo ya marehemu yanavyoweza kuwafunga walio hai. Pesa zipo, lakini sharti la kuzitumia limepitwa na wakati na hakuna mwenye uwezo wa kulibadilisha. Akaunganisha amana nyingi chini ya kapu moja lenye bodi ya watu wa mji, bodi iliyopewa uwezo wa kuelekeza upya fedha ikiwa kusudi la kwanza halitekelezeki tena. Kenya tuna taasisi ya jinsi hiyo tangu 1997, Kenya Community Development Foundation, inayofahamika zaidi kwa herufi zake, KCDF.

Kwa familia inakuwa hivi. Mnatia sahihi mkataba na taasisi. Mfuko unapewa jina mnalotaka, la mama au la ukoo. Fedha zinaingia katika mtaji wa pamoja, zinawekezwa pamoja na za mifuko mingine, na hesabu yenu inaandikwa peke yake. Usajili ni wa taasisi, na ukaguzi pia. Familia inabaki na kamati ndogo inayopendekeza nani asaidiwe.

Neno "inapendekeza" lisomeni mara tatu kabla ya sahihi. Fedha mkishazitoa si zenu tena. Ni za taasisi, na nyinyi ni washauri wake. Kwa kawaida ushauri wenu hufuatwa, lakini mwenye neno la mwisho ni bodi. Kaka yetu wa Maskati alipolielewa hilo alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo tunampa mtu mwingine pesa za mama." Nikamwambia ndiyo, na ndivyo alivyofanya mama mwenyewe kila alipompa mkuu wa shule nyingine karo mkononi. Hakuridhika siku hiyo. Ilibidi turudi kwenye ile hesabu.

Tuseme taasisi inakata asilimia 1.5 ya mtaji kwa mwaka. Kwa milioni tatu ni 45,000. Zinabaki 105,000, ambazo ni wanafunzi wawili wa kundi la pili na akiba ya 23,930 ya sare na nauli. Kwa 45,000 zile mmepata mhasibu, mkaguzi, mwekezaji na mtu wa kupokea simu. Kwa mfuko wa ukubwa wetu, amana ya peke yetu isingeweza kutupa watu hao wote kwa bei hiyo. Mtaji ukifika milioni hamsini hesabu inageuka, kwa sababu asilimia 1.5 hapo ni 750,000.

Taasisi hazilingani, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi. Ada inakatwa kwenye mtaji au kwenye faida? Mwaka faida ikiwa ndogo, ada inashuka au inakula mtaji? Kiwango cha chini cha kuanzia ni kipi, na mnaweza kukifikia kidogokidogo? Taasisi yenyewe ikifungwa, mfuko unakwenda wapi? Taarifa mtaipata mara ngapi, na itaonyesha mfuko wenu au jumla ya mifuko yote? Sisi tuliuliza taasisi moja swali hili la mwisho, tukajibiwa kwa brosha yenye picha nzuri za watoto. Hatukurudi.

Swali jingine ambalo familia za Kiislamu hulisahau: mtaji unawekezwa wapi? Taasisi nyingi huweka sehemu kubwa kwenye hati fungani za serikali na amana za benki, na hiyo ni riba. Waambieni mapema. Mifuko ya uwekezaji inayofuata sharia ipo Kenya, na sukuki, hati za uwekezaji zisizo na riba, zimeanza kuingia soko la hisa la Nairobi, kama ile ya Linzi mwaka 2023. Taasisi yenye kapu moja tu la uwekezaji huenda isiweze kuwatengea la kwenu, na afadhali muambiwe "hatuwezi" kabla ya kutia sahihi.

Kwa dada yetu wa Minneapolis kulikuwa na jambo la ziada. Mkaazi wa Marekani akituma pesa moja kwa moja kwa taasisi ya Kenya, kwa kawaida hapunguziwi kodi kwa mchango huo. Lazima upitie chombo kinachotambuliwa huko. Mji anaokaa una wakfu wake wa jamii tangu 1915, na nyakfu za namna hiyo zinaruhusu mtu kufungua mfuko wa ushauri, apunguziwe kodi mwaka anaotoa, kisha apendekeze misaada polepole, hata nje ya nchi, baada ya taasisi kumchunguza mpokeaji. Kuanzisha wakfu binafsi kamili kule ni kazi nzito zaidi: sheria inautaka utoe takriban asilimia 5 ya mali kila mwaka, na kuna kodi ya asilimia 1.39 kwenye mapato ya uwekezaji. Dada akachagua mfuko wa ushauri. Kaka wa Maskati halipi kodi ya mshahara, kwa hiyo kwake hilo halikuwa na uzito. Msimlazimishe kila ndugu apite mlango mmoja. Hakikisheni tu pesa zinakutana mwisho wa safari.

Wakfu wa Kiislamu

Lugha yetu imeyapa mambo haya mawili jina moja, wakfu, na kwa kweli ni ndugu. Asili ya huu wa Kiislamu ni ardhi ya Khaibar, pale Mtume (s.a.w.) alipomshauri Umar aizuie asili yake na atoe matunda yake sadaka. Haiuzwi, haipewi mtu, hairithiwi. Hiyo ndiyo kanuni ya mtaji wa kudumu, karne nyingi kabla ya Goff.

Tofauti ni nani mwenye neno la mwisho. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kauli kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama nassi, yaani andiko, la sharia. Ukisema kodi ya nyumba hii ni ya karo za mayatima wa kike wa Msambweni, ndiyo imekwisha. Msimamizi, mutawalli, hana ruhusa ya kuigeuza kuwa ya kisima hata kama kisima kinahitajika zaidi. Kubadilisha mali yenyewe kwa nyingine kuna mlango mwembamba, wenye masharti na idhini. Goff aliogopa mkono wa marehemu, na wakfu unauheshimu mkono huo. Mimi siwezi kusema mmoja kakosea. Mtu anayejua kabisa anachokitaka, na kitu chenyewe ni cha kudumu kama vile maji, msikiti au elimu ya yatima, atapata utulivu katika wakfu ambao taasisi ya jamii haiwezi kumpa. Anayesaidia jambo linalobadilika kila miaka mitano, kama mafunzo ya kompyuta, atajifunga.

Wakfu una mlango ambao njia nyingine hazina: unaweza kuwa wa khairi, kwa watu wote, au wa ahli, kwa kizazi chako. Katika amana ya hisani na wakfu wa jamii, neno "familia" linahusu wanaotoa. Mkitumia mfuko kuwasomesha watoto wa ndugu zenu peke yao, huo si hisani mbele ya KRA, na msamaha wa kodi utaupoteza. Nimeona ugomvi mkubwa ukoo kwa ukoo kwa sababu hakuna aliyewaambia shangazi jambo hili mapema. Waambieni siku ya kwanza.

Sasa mali gani? Nyumba, shamba, duka: hapo wakfu ndipo penyewe. Fedha taslimu zina khitilafu, na wengi wa wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya pwani yetu, hawakuzikubali kuwa wakfu. Muulizeni sheikh wenu. Halafu kuna mirathi. Marehemu kama hakuacha wasia, mali yake ni ya warithi tangu alipokata roho, na hamwezi kukaa kikao mkaiweka wakfu kwa niaba yake. Kama aliacha wasia, unapita hadi thuluthi ya mali. Zaidi ya hapo ni kila mrithi mtu mzima kutoa fungu lake kwa hiari, na fungu la mtoto mdogo haliguswi. Sisi ilibidi twende kwa Kadhi kwanza, mirathi ikagawanywa, ndipo kila mmoja akatoa sehemu yake ya nyumba kwa ulimi wake mbele ya mashahidi.

Kenya wakfu unaongozwa na Sheria ya Wakfu ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 1951, na kuna Kamisheni ya kusajili. Zanzibar ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, chini ya Sheria Namba 2 ya 2007. Sajilini. Wakfu wa mdomo unaishi mpaka mjukuu wa kwanza anayetaka kuuza. Na kwenye hati andikeni jinsi kodi ya nyumba itakavyopandishwa na fungu la ukarabati litakalotengwa kabla ya sadaka, kwa sababu paa likivuja miaka mitatu wapangaji huondoka, na karo huondoka nao.

Tulivyoamua

Nyumba ya vyumba vinne tumeiweka wakfu wa khairi, mutawalli ni mdogo wetu wa hapa Ukunda. Fedha tumezipeleka wakfu wa jamii uliokubali kuzitenga na riba, kwa ada kubwa kidogo kuliko ya kawaida. Kikundi cha WhatsApp hatukukivunja. Kinashughulikia yale madogo ambayo hakuna taasisi itakayoyawahi: viatu, pedi, nauli ya kufungua shule. Kwa familia isiyokuwa ya Kiislamu yenye nyumba kama yetu, ningeshauri iulizie kama taasisi inapokea majengo. Nyingi husita, na jibu likiwa hapana, basi amana yenu wenyewe itabidi.

Kipengele tulichokibishania zaidi ni nani atakaa kwenye kamati tukishaondoka. Watoto wetu wengine hawajui hata njia ya kwenda Msambweni. Mwishowe tuliandika kwamba viti ni vitano, na kimoja ni cha msichana aliyewahi kulipiwa na mfuko. Wa kwanza kukikalia ni yule aliyekaa nyumbani muhula mzima akiuza samaki. Sasa yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu. Kikao chake cha kwanza aliisoma fomu ya maombi tuliyoiandaa kwa wiki mbili, akaweka kidole kwenye mstari unaotaka namba ya kitambulisho cha baba, akauliza asiyekuwa naye aandike nini. Tuliufuta mstari palepale.